Ukumbi Mzuri wa Shabaha Hujulikana kwa Hewa Yake

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Columbus, Ohio, na nina kadi ya ukaazi wa kudumu. Nimeajiriwa karibuni na kampuni ya ulinzi, na kazi hiyo inanitaka nibebe bastola na nipimwe shabaha kila mwaka. Karibu na ninapoishi kuna kumbi mbili za shabaha za ndani. Mmoja ni wa zamani, bei yake ni nafuu na hauna mapambo. Wa pili ni mpya, una sebule ya kahawa na skrini kila kona, na ada yake inakaribia mara mbili ya ule wa kwanza. Nitajuaje ulio mzuri? Mke wangu ni mjamzito, na tuna mtoto wa miaka miwili. Mdogo wangu pia, ambaye yuko hapa kwa viza ya masomo, anataka tuwe tunakwenda naye kufanya mazoezi. Naomba ushauri wako.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na hongera kwa kazi mpya na kwa mgeni mnayemtarajia nyumbani. Nimefundisha shabaha na kusimamia kumbi za ndani hapa Marekani kwa miaka mingi, na watu wanaoniuliza swali kama lako kwa kawaida hutarajia niwaeleze habari za bastola za kukodi, uzuri wa vizimba, yaani vile vijumba anamosimama kila mfyatuaji, na urefu wa uwanja. Hayo nitayafikia. Lakini kwa kuwa umemtaja mkeo na mtoto wa miaka miwili, nitaanza na jambo ambalo kwa maoni yangu lingestahili kutangulia hata kama ungekuwa unaishi peke yako, nalo ni hewa ya ndani ya ukumbi.

Lugha yetu imevipa vitu viwili jina moja. Risasi ni kile kinachotoka kwenye mtutu, na risasi pia ni ile metali nzito ya kijivu ambayo kwayo kitu hicho hutengenezwa. Katika ukumbi uliofungwa, risasi ya kwanza huenda mbele, hutoboa karatasi na kuishia ukutani, na ukumbi ukiwa na nidhamu haimgusi mtu. Ya pili hubaki hewani kama vumbi na moshi, huingia mapafuni mwa anayefyatua na ya aliye kizimba cha jirani, hukaa mikononi, kwenye nywele na kwenye nyayo za viatu, kisha humfuata mtu hadi kwenye zulia la nyumbani kwake. Ili nisikuchanganye, kuanzia hapa nitaiita ya pili madini ya risasi.

Madini hayo hutoka mahali patatu kila unapovuta kifyatulio. Kwanza hutoka kwenye fataki, yaani kile kikombe kidogo kilicho kitako cha ganda, ambacho katika risasi nyingi za kawaida huwa na kampaundi ya madini ya risasi iitwayo stifneti. Ikilipuka, hutoka mvuke mwembamba sana ambao ndio unaovutwa kwa urahisi kuliko vyote. Pili hutoka kwenye kitako cha risasi yenyewe, kwa sababu risasi nyingi zinazouzwa kuwa zimevikwa shaba huwa zimevikwa mbele na ubavuni tu, na kitako huachwa wazi kikilambwa na moto wa baruti. Tatu hutoka pale mwisho wa ukumbi, risasi inapogonga chuma na kupasuka kuwa chembechembe na vumbi. Mahali pa kwanza na pa pili pako chini ya pua yako, na ndiyo maana mwelekeo wa upepo ndani ya ukumbi ni jambo la afya kabla ya kuwa jambo la starehe.

Kipimo cha upepo huo kinajulikana. NIOSH, ile taasisi ya serikali ya Marekani inayotafiti afya ya wafanyakazi, hupendekeza hewa itembee kutoka mgongoni mwa mfyatuaji kwenda mbele kwa kasi ya futi 75 kwa dakika katika mstari wa kufyatulia, na isishuke chini ya futi 50. Futi 75 kwa dakika ni takribani sentimita 38 kwa sekunde, upepo mdogo ambao ngozi haiusikii sana, lakini unatosha kuusukuma moshi uende zake. Hewa hiyo inatakiwa iingie kutoka ukuta wa nyuma, mita kadhaa nyuma ya wafyatuaji, ikiwa imetawanywa vizuri kupitia ukuta wenye matundu mengi au vitawanya hewa vilivyopangwa kwa makini, ili itembee kwa pamoja kama maji ya mto mpana usio na mawe. Ikiingia kwa nguvu kutoka tundu moja la dari lililo karibu na vizimba, huzunguka, na mzunguko huo huurudisha moshi usoni mwa mtu. Hata mwili wa mfyatuaji hufanya kizuizi na kuleta kizunguzungu kidogo cha hewa mbele ya kifua chake, na kasi ikiwa ndogo mno moshi hunaswa hapo hapo.

Fanya nami hesabu ndogo uone kwa nini baadhi ya wenye kumbi hushawishika kupunja. Chukua ukumbi wenye upana wa mita 10 na kimo cha mita 2.5. Eneo la mkato wake ni mita za mraba 25, na ukilizidisha kwa kasi ya mita 0.38 kwa sekunde unapata mita za ujazo 9.5 kila sekunde, yaani zaidi ya mita za ujazo 34,000 kila saa. Hewa yote hiyo lazima iingizwe, ipite, ichujwe na itolewe nje, na mahali kama Ohio lazima pia ipashwe moto mwezi wa Januari na ipoozwe mwezi wa Julai. Hiyo ndiyo gharama kubwa ya kuendesha ukumbi wa ndani, na ndiyo gharama ambayo mteja haioni. Mtu anayetaka kupunguza bili ya umeme hupunguza mwendo wa feni siku yenye wateja wachache, au huacha vichujio viendelee kutumika baada ya kujaa, na hakuna anayegundua kwa siku hiyo. Zipo kumbi zinazorudisha ndani sehemu ya hewa baada ya kuipitisha kwenye vichujio vya HEPA, yaani vya kunasa vumbi jembamba sana, ambavyo hunasa asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3, na mtambo wa namna hiyo ukitunzwa na kupimwa ni sawa kabisa. Neno kubwa hapo ni kutunzwa.

Nisemalo nimelionja mwenyewe. Mwanzoni mwa kazi hii nilisimamia ukumbi mmoja, ambao sitautaja, uliokuwa na kiyoyozi kilichoongezwa darini juu kabisa ya mstari wa kufyatulia, kwa nia njema tu ya kuwapoza wateja. Kila mtu alikisifu. Baada ya majira moja ya baridi nilianza kuumwa kichwa, usingizi ukawa hauniburudishi, na nikawa na hasira ambayo watu wa nyumbani hawakuizoea. Daktari aliponipima damu alikuta mikrogramu 34 za madini ya risasi kwa kila desilita. Nilikuwa nimeamini kwamba kwa kuwa sikuwa nafyatua mwenyewe, nimesimama nyuma tu nikiangalia, sikuwa hatarini. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa ndani ya moshi ule saa nane kwa siku.

Kanuni za OSHA, idara ya serikali kuu inayosimamia usalama kazini, ziliwekwa mwaka 1978, na zinaruhusu wastani wa mikrogramu 50 za madini ya risasi katika mita ya ujazo ya hewa kwa zamu ya saa nane, huku hatua za kupima wafanyakazi zikianza kwenye mikrogramu 30. Kanuni hizo humtaka mwajiri wa kiwandani amwondoe mfanyakazi kwenye vumbi hilo pindi damu yake inapofika mikrogramu 60 kwa desilita. Hivyo ni viwango vya zamani sana. Jimbo la California limeshusha kiwango chake cha hewa hadi mikrogramu 10 kuanzia Januari 2025, na kwa watoto CDC, taasisi ya serikali kuu ya kudhibiti magonjwa, tangu mwaka 2021 hutumia mikrogramu 3.5 kwa desilita kuwa alama ya kumtazama mtoto kwa karibu. Linganisha 60 na 3.5, ndugu yangu, utaelewa kwa nini sikuridhika kukujibu kwa habari za sebule na kahawa. Tena kanuni za kazini humlinda mfanyakazi. Wewe mteja unayelipa mlangoni, hakuna anayekuja kukupima.

Sasa, utayajuaje haya yote bila kuwa na vyombo? Nenda kama mtazamaji siku yenye watu wengi, Jumamosi mchana kwa mfano, omba kusimama nyuma ya kioo, na angalia moshi. Kila risasi hutoa wingu dogo mbele ya mtutu. Katika ukumbi mzuri wingu hilo huondoka mara moja kuelekea mwisho wa uwanja na kutoweka, kana kwamba kuna mtu analivuta kwa uzi. Katika ukumbi mbaya huning'inia, hupanda juu, au hurudi begani kwa mfyatuaji. Halafu nenda mlangoni. Hewa inayotolewa inapaswa kuzidi kidogo ile inayoingizwa, ili ukumbi uvute hewa kutoka dukani na moshi usitoke kwenda kwa watu wanaonunua. Shika karatasi laini ya tishu kwenye upenyo wa mlango. Inatakiwa ivutwe kuelekea ndani ya uwanja. Ikisukumwa kuja kwako, au ukisikia harufu ya baruti ukiwa kaunta, umeshapata jibu. Milango miwili yenye kijichumba katikati ni dalili njema, kwa sababu huzuia hewa na kelele kwa pamoja.

Kisha uliza, kwa adabu lakini bila kuona haya, maswali machache: vichujio vilibadilishwa lini, hewa ilipimwa lini na nani, na wafanyakazi hupimwa damu mara ngapi. Swali hilo la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mwenye ukumbi anayewajali watu wake atakujibu papo hapo, pengine kwa fahari, na wengine hata watakuonyesha kipimo cha shinikizo la vichujio kilichotundikwa ukutani. Anayekasirika au kucheka, muage.

Usafi huenda sambamba na upepo. Vumbi la ukumbi halifagiliwi kwa ufagio mkavu hata siku moja, kwa sababu kulifagia ni kulirusha upya hewani. Huondolewa kwa mashine ya kufyonza yenye kichujio cha HEPA au kwa kupigwa deki ya maji. Mashine yenyewe inatakiwa iwe ya aina isiyotoa cheche, kwa maana sakafuni mbele ya vizimba hujilundika baruti ambayo haikuungua, na baruti hiyo imewahi kuteketeza kumbi. Kwa hiyo sakafu nzuri ni ya saruji laini iliyopakwa rangi nzito isiyopitisha kitu. Ukiona zulia eneo la kufyatulia, ujue limehifadhi madini ya risasi ya miaka yote iliyopita. Ukiona mfanyakazi akisukuma maganda kwa ufagio wa nyuzi huku vumbi likitimka miguuni mwake, usihitaji ushahidi zaidi.

Ukumbi mzuri pia utakuwekea beseni la kunawia pale unapotokea, kabla hujafika kwenye duka au mgahawa, lenye sabuni na maji ya baridi. Wengi huweka vitambaa maalumu vya kuondoa madini hayo mikononi. Sebule ya kahawa uliyoitaja haina ubaya wowote ikiwa iko upande wa pili wa beseni hilo na hewa yake imetengwa. Kikombe cha kahawa kikionekana juu ya meza ya kizimba, hapo ndipo penye ubaya, kwani kula na kunywa ndani ya eneo la kufyatulia ni kumeza kile ambacho mtambo wote ule umejengwa kukiondoa.

Kwa upande wako mwenyewe, tenga viatu vya ukumbini na uviweke kwenye mfuko ndani ya buti la gari. Badilisha shati kabla ya kumbeba mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake. Oga na kuosha nywele jioni ile ile. Mtoto wa miaka miwili hutambaa, hushika na kutia vidole mdomoni, na vumbi analolipata zuliani lina uzito mkubwa kwa mwili mdogo kama wake. Mkeo asiende kabisa kwa sasa, hata kukusubiri ndani. Madini ya risasi hupita kutoka damu ya mama hadi kwa mtoto aliye tumboni, na mlio wa bunduki nao humfikia mtoto huyo, ambaye hakuna kifunika masikio kinachoweza kumkinga. Muombe daktari wako akupime damu kabla hujaanza mazoezi ya mara kwa mara, kisha baada ya miezi michache. Ni kipimo cha kawaida kwa watu wa kazi yetu. Na unaponunua risasi za mazoezi, tafuta zilizovikwa shaba pande zote pamoja na kitako, zenye fataki isiyo na madini ya risasi. Bei yake ni kubwa kidogo, lakini unalipia mapafu yako.

Baada ya hewa, kitu cha pili ninachokitazama ni msimamizi wa mstari, na hapa nitakufundisha kusoma makovu. Tazama dari na kuta za kando katika mita mbili au tatu za kwanza mbele ya vizimba, na utazame pia meza za vizimba vyenyewe. Alama za risasi mahali hapo haziwezi kuletwa na mtu aliyekosa shabaha kwa bahati mbaya akiwa amelenga mbele. Huletwa na mtu aliyefyatua akiwa hajaelekeza mtutu panapotakiwa, kidole kikiwa kimewahi kifyatulio. Kila ukumbi uliokaa miaka mingi utakuwa nazo chache. Zikiwa nyingi, na mpya, na hazijazibwa, maana yake hakuna anayewaangalia watu. Kamera na sauti ya kipaza kutoka kaunta havitoshi. Msimamizi anatakiwa awe ndani, nyuma ya wafyatuaji, akitazama mikono yao wala si karatasi zao, na awe tayari kumgusa mtu bega na kumsahihisha kwa utulivu.

Mfanyie mtihani mdogo. Muulize afanye nini mtu akivuta kifyatulio na risasi isitoke. Jibu sahihi ni kwamba mtutu ubaki umeelekea mbele, mtu asubiri angalau nusu dakika, kwa sababu fataki huweza kuchelewa, ndipo aitoe risasi hiyo. Muulize pia afanye nini mtu akisikia mlio mdogo, wa kukoroma, usio na nguvu. Hapo hakuna kufyatua tena: huenda risasi imekwama katikati ya mtutu, na itakayofuata itaupasua. Msimamizi aliyeiva hujibu haya bila kufikiri. Atakueleza pia kwamba mtu yeyote, hata mteja wa siku moja, ana haki ya kupaza sauti ya kusimamisha kufyatua akiona hatari, na kwamba baada ya sauti hiyo kila bastola huwekwa mezani ikiwa wazi na tupu, na hakuna mkono unaoigusa mpaka ruhusa itolewe. Uliza sanduku la huduma ya kwanza liko wapi. Lenye plasta na dawa ya kichwa halifai. Ndani yake panatakiwa pawe na mkanda wa kukaza unaozuia damu kuvuja na bandeji za kujaza jeraha, na mfanyakazi wa zamu awe anajua kuvitumia.

Kuna sharti moja ambalo huenda likakuudhi ukiwa mgeni nalo. Kumbi nyingi hazimkodishi bastola mtu aliyekuja peke yake kwa mara ya kwanza, asiye na silaha yake mwenyewe. Sababu yake ni ya kusikitisha: wapo watu waliokata tamaa ya maisha ambao wamekwenda kukodi silaha ili wajidhuru. Sharti hilo linaokoa watu, na ukumbi unaolishika kwa uthabiti nauheshimu zaidi kuliko ule unaojali tu idadi ya wateja.

Kelele niizungumzie kwa ufupi. Mlio wa bunduki huwa kati ya desibeli 140 na 170, na kuta huurudisha tena na tena, kwa hiyo ndani ya ukumbi vaa kinga mbili kwa pamoja, vizibo vya sponji ndani ya sikio na kifuniko juu yake. Usidhani kinga mbili huongezeka kama hesabu ya kujumlisha. Cha pili huongeza takriban desibeli tano tu juu ya kile kilicho bora, lakini hizo tano zinahitajika. Vifuniko vya kielektroniki, vinavyopitisha sauti ya maneno na kuzima mlipuko, vinafaa sana kwa mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu, kwa sababu hutaki kukosa kuelewa amri ya kusimama. Ukumbi mzuri huwa umevika kuta na dari vitu vya kumeza sauti. Chunguza tu kama ni sponji laini yenye vichuguu karibu na vizimba, maana hiyo hunasa baruti isiyoungua, na likitokea cheche huwaka upesi.

Kuhusu kizuizi cha mwisho kinachopokea risasi, ziko aina mbili utakazozikuta mara nyingi. Moja ni ya mabamba ya chuma kigumu yaliyoinamishwa, ambayo huielekeza risasi iteleze hadi kwenye chemba na kuishiwa nguvu humo. Ya pili ni tuta la mpira uliosagwa, ambalo huimeza risasi bila kuipasua, na hivyo hutoa vumbi kidogo zaidi, lakini linahitaji kuchimbwa na kusafishwa mara kwa mara, na mpira unaweza kushika moto. Zote mbili ni nzuri zikihudumiwa. Dalili ya uzembe ni vipande vidogo vya metali kurudi hadi kwa wafyatuaji: ukivikuta sakafuni kwenye mstari, chuma kimechakaa na kina mashimo. Dalili njema ni mfanyakazi anayepitisha sumaku juu ya risasi zako kabla hujaingia. Usione kama anakudhania vibaya. Anatafuta zenye kiini cha chuma, ambazo huharibu mabamba na kutoa cheche.

Sasa huduma, na hapa mahitaji yako ni tofauti na ya mtu anayekuja kujifurahisha. Kumbi nyingi hukataza kuchomoa bastola kwenye mkoba wa kiunoni na kukataza kufyatua kwa mfululizo wa haraka, na zina haki ya kufanya hivyo. Lakini mtihani wa mlinzi mara nyingi hudai yote mawili. Uliza kama kuna mafunzo ya kukupa kibali cha kuchomoa, au saa maalumu za walinzi na polisi. Uliza kama taa zinaweza kufifishwa, kwa sababu kazi yako huenda ikawa ya usiku. Hakikisha mashine inayopeleka karatasi mbele inasimama mahali unapoitaka, yadi 3, 7, 15 na 25, kwa kuwa kumbi hapa hupima kwa yadi na nyingi za bastola huishia yadi 25, yaani kama mita 23. Karatasi za umbo la mtu ziitwazo B-27 hutumika sana katika mitihani, ziwepo. Mwalimu aliyepo akubali kukuandikia matokeo yenye tarehe na sahihi. Bastola za kukodi zitakusaidia iwapo kampuni haijakupa ya kwako, nawe ukodi ile ile ya aina utakayobeba. Skrini za rangi na mashine za kukupigia picha ni mapambo. Sizilaumu, ila hazijamfundisha mtu kulenga.

Ukiniuliza kati ya kumbi zako mbili uende upi, sitakubali kuuhukumu wa zamani kwa sababu ya rangi iliyobanduka wala kuusifu mpya kwa sababu ya kahawa. Nimewahi kuona jengo lenye sura ya ghala ambalo hewa yake ilikuwa safi kama ya shambani, kwa sababu mwenyewe alikuwa fundi wa mitambo na alizipenda feni zake. Lakini nitakuambia mashaka yangu yanaelekea wapi. Ukumbi wa miaka mingi wenye ada ndogo unalipa bili ile ile ya kupasha hewa moto ambayo ule wa bei kubwa unailipa, na fedha hiyo lazima itoke mahali. Kwa hiyo ule wa zamani uuendee ukiwa na karatasi ya tishu mkononi na macho kwenye moshi, Jumamosi moja ya baridi kali, kwa kuwa siku hiyo ndiyo feni hushawishiwa kupumzishwa. Ukumbi huo ukifaulu siku hiyo, chukua uanachama wa mwezi mmoja kwanza, usiwe wa mwaka. Usipofaulu, lipa ile ada kubwa ya ukumbi mpya, mradi nao uufanyie mtihani huo huo.

Limebaki la mdogo wako, na hili nalisema kwa uzito kwa sababu nimeona vijana wetu wakijiingiza matatani bila kujua. Tangu mwaka 1998 sheria ya serikali kuu ya Marekani inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, ikiwemo ya masomo, kumiliki au hata kushika silaha ya moto na risasi zake. Katazo hilo linahusu pia bastola ya kukodi ndani ya ukumbi kwa nusu saa, hata wewe ukiwa umesimama kando yake. Wewe mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu katazo hilo halikuhusu. Yapo mambo machache yanayomtoa mtu kwenye katazo, na linalojulikana zaidi ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Vijana wengi hufuata njia hiyo kwa kusoma kozi ya uwindaji na kuomba leseni, nayo inakubalika. Kosa likifanyika ni la jinai, na linaweza kumgharimu viza yake na masomo yake. Kaunta itamwekea fomu inayouliza uraia na hadhi yake nchini. Asiandike uongo kwenye fomu hiyo kwa hali yoyote. Kabla hajagusa chochote, azungumze na wakili wa uhamiaji au ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake. Mpaka hapo akitaka kukusindikiza, abaki nyuma ya kioo, upande wa dukani, na vizibo vya masikio avae vilevile.